Saundi kadi na laptopu: mwongozo wa kurekodi sauti nje ya studio

"Nimenunua saundi kadi, nimechomeka, taa imewaka, lakini sauti haiingii." Swali hili naletewa karibu kila wiki, na wengi wanaoniuliza wameshaanza kuamini kwamba wameuziwa kifaa kibovu. Nikikaa nao, mara nyingi tunakuta kifaa ni kizima. Tatizo huwa ni waya usio wake, kitufe cha 48V (cha kupeleka umeme kwenye maiki) ambacho hakijabonyezwa, au kompyuta inayosikiliza maiki yake ya ndani wakati wewe unazungumza kwenye ile ya nje.

Saundi kadi ni kile kifaa kinachokaa kati ya maiki na kompyuta na kuingiza sauti kwa waya wa USB. Mwongozo huu ni wa anayeanza, hasa anayetaka kuweka vifaa kwenye begi na kuwafuata watu walipo: sebuleni kwa bibi mwenye ngano zake, kwenye mazoezi ya kwaya, barazani kwa mzee anayejua mashairi ambayo hayajaandikwa popote. Mifano yangu ni ya Focusrite Scarlett 2i2, toleo la tatu, kwenye laptopu ya Windows yenye programu ya kurekodi ya Audacity, kwa sababu ndivyo ninavyofanyia kazi. Ukiwa na Behringer, M-Audio au nyingine yoyote, hatua ni hizihizi. Vitufe ndivyo vimekaa mahali pengine.

Naomba ushike jambo moja kabla ya yote: fanya hatua 1 hadi 10 nyumbani, siku moja kabla au zaidi. Usimketishe mtu mzima mbele yako huku ukitafuta draiva, ile programu inayoifanya kompyuta ielewane na kifaa. Mzee akisubiri nusu saa, hamu ya kusimulia inamtoka, na ile hadithi aliyoamka nayo hutaipata tena.

Uwe na nini

- Saundi kadi na waya wake wa USB.
- Laptopu yenye nafasi ya GB 5 au zaidi. Rekodi ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya maiki moja, biti 24 kwa 48000 Hz, inachukua takriban MB 520 kwa saa, na Audacity ikiwa kazini inakula zaidi ya hapo.
- Maiki. Kuna za dainamiki, kama Shure SM58, ambazo hazihitaji umeme, na za kondensa, kama Audio-Technica AT2020, ambazo bila umeme wa volti 48 ni bubu kabisa.
- Waya wa maiki wenye XLR pande zote mbili: upande mmoja matundu matatu, upande wa pili pini tatu.
- Hedifoni za waya, pamoja na adapta ya kutoka jeki ndogo kwenda jeki kubwa. Scarlett 2i2 inapokea jeki kubwa tu. Hedifoni za Bluetooth hazifai kwa kazi hii, zinachelewesha sauti.
- Stendi ya maiki. Maiki iliyoshikwa mkononi itarekodi vidole.
- Flashi au diski ya nje ya kuwekea nakala.

Nisimame kidogo kwenye waya, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoanguka. Maiki nyingi za bei nafuu, zile za BM-800 kwa mfano, huja na waya wenye XLR upande mmoja na jeki ndogo upande wa pili. Waya huo si wa saundi kadi. Nyaya nyingi za karaoke nazo zina XLR upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili. Huo ndio unaodanganya zaidi, maana tundu la mbele la Scarlett linapokea XLR na jeki kubwa pia, kwa hiyo unaingia vizuri tu. Lakini jeki kubwa inapita njia ya gitaa na kinanda, haipiti njia ya maiki. Sauti itakuwa hafifu kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, na zile volti 48 hazitafika kwenye maiki. Ukienda dukani omba waya wa XLR kwa XLR, na uuangalie pande zote mbili kabla ya kulipa.

Hatua kwa hatua

1. Weka draiva. Kwenye Windows, ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina kamili la kifaa chako pamoja na toleo lake, pakua, sakinisha, kisha zima laptopu na kuiwasha upya. Usichukue draiva kwenye tovuti za watu wengine. Mac haihitaji draiva kwa 2i2.

2. Chomeka saundi kadi moja kwa moja kwenye laptopu. Usiipitishie kwenye USB habu ambayo ina mausi, flashi na simu inayochajiwa. Kifaa hiki kinakula umeme kupitia waya huohuo wa USB, na ukiwa haba kitazimika katikati ya kazi. Tumia waya uliokuja nao. Kuna nyaya za USB-C za kuchajia tu: taa itawaka, kompyuta haitaona kitu. Mara ya kwanza Scarlett inaweza kujitokeza kwenye skrini kama flashi. Hiyo ni njia yake ya kukupeleka kwenye usajili, usishtuke.

3. Iruhusu Windows isikilize. Fungua "Settings", nenda "Privacy & security", kisha "Microphone", na uwashe ruhusa zote, pamoja na ile ya "Let desktop apps access your microphone". Hii ikizimwa, programu itarekodi mstari ulionyooka bila kukuambia sababu.

4. Linganisha kipimo, yaani mara ngapi kwa sekunde sauti inapimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, ingia "Recording", chagua saundi kadi yako, kisha "Properties" na "Advanced". Chagua biti 24, 48000 Hz. Kumbuka namba hiyo, utaihitaji tena kwenye Audacity.

5. Unganisha maiki, kwa utaratibu huu. Zungusha geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) mpaka chini kabisa. Punguza sauti ya hedifoni. Chomeka XLR mpaka usikie inabana. Kama maiki ni ya kondensa, sasa ndipo ubonyeze 48V, na usubiri sekunde kadhaa. Kwenye 2i2 ya toleo la tatu kitufe hicho kiko mbele na kinapeleka umeme kwenye matundu yote mawili; kwenye Behringer UM2 kiko nyuma, na wengi hawajui kama kipo. Unapomaliza kazi, rudi kinyume: geini chini, zima 48V, subiri kidogo, ndipo uchomoe. Ukichomoa maiki huku 48V inawaka, hedifoni zitakupiga mlio unaoumiza masikio.

   SM58 na dainamiki nyingine za kawaida hazidhuriki na volti 48 kama waya ni mzima. Maiki za ribon ni habari nyingine, hasa za zamani, zinaweza kuharibika. Ukiazimwa maiki usiyoijua, muulize mwenyewe kwanza.

6. Vaa hedifoni zilizochomekwa kwenye saundi kadi, usichomeke kwenye laptopu. Zima spika zote. Spika ikiwaka karibu na maiki, sauti inatoka, inaingia tena, inatoka tena, na utasikia ule mlio mkali wa kwenye sherehe. Bonyeza "Direct Monitor" ujisikie moja kwa moja kutoka kwenye kifaa, bila kupitia kompyuta.

7. Iambie Audacity isikilize wapi. Bonyeza "Audio Setup". Kwenye "Host" chagua Windows WASAPI. Kwenye "Recording Device" chagua jina la saundi kadi, na "Playback Device" vilevile. "Recording Channels" weka 1, yaani Mono, kama una maiki moja. Kisha ingia "Audio Settings", upande wa "Quality", uweke 48000 Hz, namba ileile ya hatua ya 4. Ukiwa humo, hakikisha upitishaji wa sauti kupitia programu umezimwa. Ukiwaka pamoja na "Direct Monitor" utajisikia mara mbili, ya pili ikichelewa.

   Kila unapochomoa na kuchomeka upya saundi kadi, bonyeza "Rescan Audio Devices". Audacity huangalia vifaa inapofunguka, na usipoiambia itaendelea na orodha ya zamani.

8. Kwaruza. Anza kurekodi, kisha kwaruza wavu wa maiki taratibu kwa ukucha. Halafu gonga mfuniko wa laptopu. Mkwaruzo ukiwa mkubwa na kugonga kukiwa hafifu, uko sawa. Ikiwa ni kinyume, kompyuta inasikiliza maiki yake ya ndani, rudi hatua ya 7.

   Hatua hii inachukua sekunde kumi na mimi siiruki kamwe. Miaka michache nyuma nilikwenda Pangani kumrekodi mzee mmoja anayejua mashairi ya baharini. Mistari ilikuwa inacheza kwenye skrini, hedifoni zikinipa sauti nzuri kabisa, maana "Direct Monitor" haipitii kompyuta. Niliporudi nyumbani nikakuta saa mbili nzima za feni ya laptopu, na mzee kwa mbali kama yuko uani. Nilirudi kwake, nikampa shikamoo, nikamweleza. Alikubali kusema tena bila kinyongo. Lakini mara ya pili aliruka beti alizozisema mara ya kwanza, na nyingine hakuzikumbuka.

9. Panga geini. Mwambie msemaji aseme, huku wewe ukipandisha kitufe polepole. Duara linalozunguka kitufe cha geini la 2i2 ya toleo la tatu hubadilika rangi: kijani ni salama, rangi ya chungwa ni onyo, nyekundu ni sauti kupasuka. Kwenye Audacity, lenga sauti ya kawaida icheze karibu na -18 dB, na vilele vyake viishie kati ya -12 na -6. Hakuna haja ya kuisogeza hadi juu. Kwa biti 24 unaweza kuikuza baadaye bila hasara ya kusikika, lakini sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa.

   Angalizo: mtu akiambiwa "jaribu kusema kidogo", husema kwa upole. Akishaingia kwenye hadithi, anapaza. Kwa hiyo usimuulize "moja, mbili, tatu". Mwambie, "Bibi, hebu niimbie kile kipande cha kuitikia," au, "Babu, yule simba alingurumaje?" Panga geini kwa hiyo sauti, kisha uishushe kidogo tena.

   Dainamiki zinahitaji geini kubwa kuliko kondensa. Ukiwa na SM58, kitufe kufika robo tatu ya mzunguko ni kawaida.

10. Weka maiki na uchague chumba. Kwa kondensa, shubiri moja kutoka mdomoni. Kwa dainamiki, upana wa vidole vinne. Isimame pembeni kidogo ya mdomo badala ya kuelekea moja kwa moja, ili pumzi za "p" na "b" zipite kando. Jaribu kwa kusema "polepole" mara kadhaa na usikilize kama kuna mapigo. Chumba chenye makochi, zulia na mapazia mazito ni bora kuliko kile cha vigae na kuta tupu. Watu hutundika kanga ukutani wakidhani zitazuia mwangwi. Kanga ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Blanketi zito au godoro lililosimamishwa nyuma ya msemaji linafanya kazi kweli. Zima feni, na friji kama mwenye nyumba ameridhia. Weka funguo za gari lako ndani ya friji hilo: hutaondoka bila kuliwasha tena.

11. Rekodi ya majaribio, dakika mbili. Simamisha, hifadhi, funga programu, fungua tena, usikilize ulichohifadhi kwa hedifoni. Mpaka hapo ndipo useme kifaa kimekubali.

12. Siku yenyewe. Chaji betri hadi ijae, zima Wi-Fi, funga vivinjari, zuia laptopu isilale. Ukifika kwa msemaji, rudia hatua ya 8 hadi ya 10. Mwombe msemaji ruhusa ya kurekodi, na maiki ikiwa inasikiliza mwambie ataje mwenyewe kwamba ameridhia. Taja tarehe na mahali. Kisha wote mnyamaze sekunde 30. Ukimya huo wa chumba ni mali: baadaye utauchagua kwenye "Noise Reduction" ili Audacity ijifunze uvumi wa chumba na kuupunguza. Punguza kidogo tu. Ukizidisha, sauti ya mtu inakuwa kama imetumbukia majini.

    Adhana ikiingia, au bodaboda ikipita, usimkatize. Acha iendelee, andika dakika kwenye karatasi.

13. Hifadhi papo hapo, kabla ya chai. "Save Project" inakupa faili la aup3, ambalo linafunguka kwenye Audacity pekee. Wengi humtumia mtu faili hilo halafu linashindwa kufunguka. Toa pia WAV kupitia "Export Audio". Nakili vyote kwenye flashi palepale, na ukifika penye mtandao pandisha nakala ya tatu. WAV ndiyo ya kutunza. MP3 toa baadaye kwa ajili ya kutuma.

Kama unaimba juu ya biti (mdundo wa muziki)

Hapo unahitaji programu ya muziki, kama Reaper, na draiva ya ASIO ya kifaa chako, ile inayopunguza ucheleweshaji wa sauti. Kwenye Reaper ingia "Preferences", "Audio", "Device", uchague ASIO kisha jina la saundi kadi. Kinachokusumbua sasa ni sauti kuchelewa, na inatawaliwa na bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukishughulikia. Kwa 48000 Hz, bafa ya 128 ni milisekunde 2.7 hivi, 256 ni 5.3, na 1024 ni 21. Halisi huwa zaidi, maana sauti huingia na kutoka. Wakati wa kuimba weka 128 au 256. Sauti ikianza kukatikakatika, kompyuta imezidiwa, panda hatua moja. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya, weka 1024 na usihangaike.

Kwa masimulizi na mahojiano, bafa isikukoseshe usingizi.

Ikikataa

*Taa imewaka, kompyuta haikioni kifaa.* Badilisha waya wa USB kwanza, tundu la USB pili, draiva tatu.

*Kifaa kinaonekana, mstari umenyooka.* Angalia 48V, kisha ruhusa za hatua ya 3, kisha jina lililochaguliwa kwenye Audacity. Hapo ndipo ushuku waya wa maiki.

*Unajisikia kwenye hedifoni lakini hakuna kinachorekodiwa.* Ni "Direct Monitor" inakudanganya kama ilivyonidanganya mimi. Rudi hatua ya 7 na ya 8.

*Audacity inasema haiwezi kufungua kifaa cha kurekodi.* Namba za hatua ya 4 na ya 7 hazilingani, au programu nyingine, Zoom kwa mfano, imekikamata kifaa. Ifunge kabisa. Ikiendelea, jaribu kuweka "Recording Channels" 2.

*Sauti iko sikio moja tu.* Umerekodi Stereo kwa maiki moja. Hakuna kilichoharibika. Fungua menyu ya mstari huo, chagua "Split Stereo to Mono", futa ule mtupu.

*Mvumo mzito usiokatika.* Chomoa chaja ya laptopu. Ukikatika, chanzo kilikuwa umeme wa ukutani, ambao kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde. Rekodi kwa betri. Usipokatika, sogeza waya wa maiki mbali na waya wa umeme na uondoe simu mezani.

*Mchemko kama mvua ya mbali.* Geini iko juu sana na msemaji yuko mbali. Msogeze karibu na maiki, ushushe geini.

*Sauti ni ndogo hata geini ikiwa juu kabisa.* Angalia kama umetumia waya wa jeki badala ya XLR. Kama waya ni sahihi na maiki ni dainamiki yenye sauti hafifu, Shure SM7B kwa mfano, saundi kadi ndogo nyingi zinaelemewa nayo, na utahitaji kifaa cha kukuza kinachokaa katikati ya maiki na saundi kadi, au maiki nyingine.

*Inapasuka ingawa mistari kwenye Audacity haifiki juu.* Upasukaji unatokea kwenye saundi kadi yenyewe kabla ya kufika kwenye kompyuta. Tazama duara la geini wakati mtu anasema, na ushushe pale, maana kitelezi cha kwenye skrini hakitasaidia.

*Inakatika kila baada ya dakika kadhaa.* Kwenye "Power Options" ya Windows, zima "USB selective suspend". Na kama bado umepitishia kwenye habu, chomoa, urudi hatua ya 2.